Dume Hilo!

Kama wewe ni mtu wa kusema "dume hilo!" kila ukionyeshwa nyoka mkubwa, maneno haya nakuandikia wewe.

Nilikuwa Nyakanazi, Biharamulo, nikisubiri gari la kwenda kwetu Ngara. Kando ya barabara kulikuwa na ngoma ya Bayeye, wacheza na nyoka wa Kisukuma. Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao walikuja na ngoma zao pia. Mzee mmoja alikuwa amejizungushia chatu shingoni, na mshereheshaji akipiga kelele kwenye spika: "Dume hilo! Oneni mwili!"

Ngoma ilipoisha nikamfuata mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza amejuaje kuwa ni dume. Akacheka. "Jike ataupata wapi mwili huu?" Kisha akanong'ona kwamba dume lake lina wiki kadhaa halili. Kuku amemkataa. Alikuwa na uhakika limerogwa na kundi pinzani.

Kwa chatu, jike ndiye mkubwa. Dume hubaki mdogo, na ukubwa ule aliokuwa akijivunia mzee ulipaswa kuwa dalili ya kwanza ya kinyume chake. Ukitaka kujua, geuza tumbo utazame kando ya tundu la haja: kuna kucha ndogo mbili, masalia ya miguu ya nyuma. Dume anazo kubwa zaidi, humpapasia jike wakati wa kupandana. Lakini jike naye anazo, kwa hiyo usikimbilie kuapa. Njia ya uhakika zaidi ni kijiti chembamba cha chuma, butu na chenye mafuta, kinachoingizwa taratibu kuelekea mkiani. Dume ana viungo viwili vya uzazi alivyovikunja ndani ya mkia, hivyo kijiti huzama. Kwa jike hugota mapema. Mkono usiojua unaweza kumjeruhi, basi usijaribu kwa njiti ya baiskeli.

Na tusiwacheke wazee peke yao. Kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi waliamini nyoka wote wako kama ndege, kwamba jike ndiye mwenye jozi ya kromosomu zisizofanana. Mwaka 2017 watafiti wakachunguza boa na chatu wa Burma, wakakuta ni dume, kama kwetu binadamu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili hakikutulazimisha. Amelala, amekula, ametaga: hakuna kiambishi kinachodai jinsia. Lugha imeturuhusu tusijue, sisi tunajitia kujua. Kila chenye nguvu tunakiita dume, na mwanamke jasiri tunamwita jikedume, kana kwamba nguvu kaiazima mahali.

Mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha utafiti wake kuhusu chatu wa huko. Jike hugeuka mweusi, huota jua mpaka mwili unapata moto, kisha hurudi shimoni kuyazungukia mayai. Yakianguliwa hukaa na watoto kama wiki 2. Kipindi chote hicho hali kitu. Nilimweleza mzee kwamba jike mwenye mimba naye hukataa chakula, asimlazimishe. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtoto wa shule. Gari likaja.

Miezi miwili baadaye nilipita tena, nikamkuta amekaa bila nyoka. Walikuwa wamempanua mdomo wakamsukumia nyama kwa mti. Akafa siku ya tatu. Walipompasua wachukue mafuta na ngozi, wakahesabu mayai 32.

Nikanyamaza. Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu kabisa.

"Dume, mwanangu, kujazwa mayai 32 tumboni! Unaona sasa jamaa walivyotuweza?"