Majonzi ya Mwanafunzi Yasingoje Mirembe

Tarehe 3 Desemba, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo viliuvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali na wananchi walikwenda mbio kuokoa. Chakula na mablanketi vilipelekwa, barabara zikafunguliwa, na baadaye nyumba mpya zikajengwa kwa ajili ya waliopoteza makazi. Kwa hayo yote wahusika wanastahili pongezi.

Hata hivyo, liko tope ambalo katapila haliwezi kulizoa. Shule zilipofunguliwa Januari 2024, wanafunzi wa wilaya hiyo walirudi madarasani, na miongoni mwao walikuwapo waliofiwa na wazazi, ndugu na marafiki. Katika Gitting na vijiji vingine vilivyo chini ya mlima huo huo, mvua kubwa ya usiku si tena mvua ya baraka tu. Mtoto aliyelala akisikiliza mlima hawezi kutazamiwa asubuhi asikilize hesabu.

Sisi wa Visiwani tunayaelewa hayo. Tulizika baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 2011, na tukazika tena baada ya MV Skagit mwezi Julai 2012. Twajua kwamba matanga huanuliwa, lakini majonzi hayaanuki pamoja nayo. Kwa hiyo tunalizungumza suala la Gitting kama letu.

Wala si maafa peke yake yanayoielemea nafsi ya kijana. Mwanafunzi wa sekondari ya shamba hutembea mwendo mrefu, pengine bila ya kula, huku akibeba matumaini ya ukoo mzima katika mtihani mmoja wa Kidato cha Nne. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kijana huyo akinyamaza huitwa mvivu. Akikasirika huitwa mtovu wa nidhamu. Akianguka darasani husemwa kuwa amerogwa. Mara chache huulizwa: una nini, mwanangu?

Msaada uko wapi? Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ni Mirembe, Dodoma. Kwa watu wa Mbulu na Hanang, ipo pia Hospitali ya Haydom, ambayo imewahudumia wananchi wa sehemu hizo tangu 1955. Lakini hospitali ni ya aliyekwisha kuugua. Mwanafunzi anayeanza kulemewa anahitaji mtu wa karibu wa kumsikiliza, tena bila ya nauli na bila ya kuitwa mwendawazimu.

Itasemwa kwamba kila shule ina mwalimu wa ushauri nasaha. Kwa karatasi, ni kweli. Lakini mara nyingi mwalimu huyo hakupata mafunzo ya kutosha, ana vipindi tele, na ndiye huyo huyo anayesimamia adhabu. Mkono ulioshika fimbo asubuhi haupokei siri jioni. Hapa ndipo penye kasoro, na kuirekebisha hakuhitaji fedha nyingi kama inavyodhaniwa.

Jirani zetu wamekwisha kuonyesha njia. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango uitwao Shamiri, jina lisilohitaji tafsiri. Vijana waliomaliza sekondari hufundishwa kwa muda mfupi, kisha hukutana na wanafunzi kwa makundi, saa moja kila wiki, kwa wiki 4. Huzungumza juu ya kukua kutokana na matatizo, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo mtu huyathamini maishani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu wanafunzi 413, ulionyesha kwamba dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea tu. Huko Zimbabwe nako, tangu 2006, akina bibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa wakiwa wamekaa juu ya benchi. Katika mipango yote miwili, daktari bingwa hakuwa sharti la kuanza.

Tunashauri basi mambo matatu. Kwanza, mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi, afunzwe, na asihusike kamwe na adhabu. Pili, vijana waliomaliza Kidato cha Sita wafunzwe na walipwe posho kuendesha mikutano ya wanafunzi katika vijiji vyao. Wapo wengi, na lugha ya nyumbani, iwe Kiiraqw au Kidatoga, wanaijua. Tatu, kila shule iunganishwe na zahanati yake na hospitali ya karibu, ili aliyezidiwa asipotee njiani.

Tunawakumbusha pia viongozi wetu wa hapa kwamba afya na elimu ya sekondari si mambo ya Muungano. Haitofaa Unguja na Pemba kungojea Dodoma. Mtoto wa Tumbatu, wa Kojani na wa Gitting hukalia mtihani mmoja wa Kidato cha Nne. Hapana sababu mmoja aingie chumba cha mtihani na mzigo ambao hakuna aliyemsaidia kuutua. Kidongo Chekundu, kama Mirembe, isiwe mlango wa kwanza wa mtoto anayetaka kusikilizwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Bajeti zijazo za elimu na afya, za pande zote mbili, zionyeshe fungu la jambo hili waziwazi. Sisi tutalitafuta fungu hilo, na tutawaeleza wananchi kama tumeliona.