Kikomo ni cha mtu, ukaguzi ni wa kampuni: nani aliandika programu hii?

Nimechoka kusikia watu wakiambiwa "ungesoma maagizo". Leo nawatetea wale walioweka akiba kupita kiasi kwenye akaunti zao za uzeeni kule Marekani, halafu wakati wa kujaza ritani wanatendewa kama wezi wa ushuru. Najua hapa huwa tunaongea programu na mitambo. Tulia, tutafika kwenye hifadhidata. Hili ni suala la programu zaidi ya lilivyo suala la ushuru.

Mbona liniguse mimi niliye Nairobi? Kwa sababu wengi tuliosoma nao kompyuta sasa wako Seattle, Dallas na Boston, na mwandishi wa programu hubadilisha kazi kama anayebadilisha laini ya simu. Hao ndio wanaonaswa hasa.

Kanuni yenyewe ni hii. Mwenye akaunti ya 401(k) anaruhusiwa kukatwa sehemu ya mshahara kabla ya ushuru na kuiweka akiba, hadi kiwango fulani kwa mwaka. Mwaka wa 2025 kiwango kilikuwa dola 23,500. Mwaka wa 2026 ni dola 24,500. Waliotimiza miaka 50 wana nyongeza yao, tuwaache kando. Kiwango hicho ni cha mtu, si cha kampuni. Ukipitia waajiri watatu ndani ya mwaka mmoja, unajumlisha akiba ya kote kutatu.

Sasa swali la mtihani: nani anajumlisha?

Kampuni ya kwanza inaona makato yake tu. Kampuni ya pili inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Ndani ya kampuni moja huwezi kuvuka kwa urahisi, kwa sababu programu ya mishahara husimamisha makato ukifika kikomo. Yaani ukaguzi unawezekana na tayari umeandikwa! Ila umewekwa mahali ambapo hauwezi kuona hesabu nzima. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiniletea mfumo ambamo kanuni inahusu majedwali yote lakini inakaguliwa kwenye jedwali moja moja, namrudishia kazi yake.

Tuchukue mfano. Mwaka wa 2025 mtu anaweka dola 14,000 kampuni ya kwanza, Januari hadi Julai. Anahamia kampuni ya pili na kuweka dola 13,000 hadi Desemba. Jumla ni 27,000. Amezidisha dola 3,500. Hakuna taa nyekundu iliyowaka popote.

Ili ajikomboe anatakiwa aiombe mojawapo ya kampuni imrudishie hizo 3,500 pamoja na faida zilizozalisha, na hela zitoke kabla ya Aprili 15 ya mwaka unaofuata kupita. Wengi hudhani kwamba wakiomba muda zaidi wa kuwasilisha ritani, na tarehe hii inasogea. Haisogei. Tena mpango wa akiba haulazimiki kukubali ombi hilo. Unakubali tu kama kanuni zake zinaruhusu. Kwa hivyo ukigundua Aprili 14 ukiwa mbele ya ritani yako, umeshachelewa.

Tarehe ikipita hela zinabaki ndani, na hapo ndipo uonevu wenyewe ulipo. Zile 3,500 zinatozwa ushuru wa mwaka ulioziweka, kisha zinatozwa tena siku utakapozitoa uzeeni, kana kwamba hazijawahi kuguswa. Kwa mtu aliye kwenye kiwango cha asilimia 24, hiyo ni dola 840 leo na, akiwa bado kwenye kiwango hicho, dola 840 nyingine baadaye. Shilingi moja, ushuru mara mbili, na kosa lake ni kuweka akiba kwa bidii!

Na hata akiwahi, makaratasi yenyewe ni kichekesho. Fomu ya 1099-R hutolewa kwa kufuata mwaka ambao hela zilitoka. Ukirudishiwa Machi 2026, fomu inakuja Januari 2027, ikiwa na herufi P kukuambia kwamba hela hizo zilikuwa za ritani ya 2025. Ritani ambayo ulishaituma! Kwa hivyo unatakiwa kuandika kwenye ritani kiasi ambacho karatasi yake bado haijazaliwa, halafu faida zake uziweke kwenye ritani ya mwaka mwingine.

Ninapolalamika hivi huwa napewa majibu matatu.

La kwanza: "Mtu mzima ajue hesabu zake." Sawa. Basi tutazame kisa pacha. Marekani ushuru wa Social Security nao una kikomo cha mtu. Mwaka wa 2025 ulikatwa asilimia 6.2 hadi mshahara wa dola 176,100, yaani dola 10,918.20 na si zaidi. Ukibadilisha kazi, kampuni ya pili inaanza kutoka sifuri vilevile, na mwenye mshahara mkubwa anakatwa kupita kiasi. Je, anaambiwa ajitetee kabla ya Aprili 15 la sivyo atozwe mara mbili? La! Kuna mstari kwenye ritani. Anaandika kiasi kilichozidi, anahesabiwa kuwa ameshalipa, basi. Mtu ni yuleyule, fomu za W-2 ni zilezile, kosa ni lilelile la kuanza kutoka sifuri. Kimoja kina tiba ya mstari mmoja, kingine kina adhabu.

La pili: "Hela ziko kwa mpango wa akiba, serikali haiwezi kuzirudisha." Kweli. Lakini inaweza kukujulisha. Kila W-2 ina kisanduku cha 12, na herufi D ndani yake inaonyesha ulichoweka kwenye 401(k). Waajiri wote hutuma fomu hizo kwa serikali kufikia Januari 31. Kabla ya sheria iliyopitishwa 2015 walikuwa na muda mrefu zaidi, na hapo kulikuwa na kisingizio. Tangu 2017 hakipo. Kuanzia Februari hesabu nzima iko mikononi mwa serikali, na bado kuna zaidi ya miezi miwili hadi Aprili 15. Kazi inayobaki ni hii:

SELECT nambari_ya_mtu, SUM(akiba)
FROM w2
WHERE mwaka = 2025
GROUP BY nambari_ya_mtu
HAVING SUM(akiba) > 23500;

Mistari mitano, na mingine michache kwa wale wa miaka 50. Halafu barua. Sitaki mwajiri mpya ajue nilichokuwa nikilipwa zamani, na hana haja ya kujua. Barua inakuja kwangu.

La tatu, kutoka kwa wahandisi wenzangu: "Wewe hujui mifumo ya IRS ilivyo mikongwe." Najua. Rekodi kuu za walipa ushuru wa Marekani bado ziko kwenye mfumo ulioanza miaka ya 1960, na COBOL imo. Lakini IRS hiyohiyo inalinganisha W-2 na ritani, na ikikuta tofauti inakutumia notisi ya CP2000 kukueleza unachodaiwa. Kumbe kulinganisha inajua na barua inajua! Mitambo mikongwe hukumbukwa pale tu anayefaidika akiwa mlipa ushuru.

Kikomo cha 401(k) kilianza 1987, kikiwa dola 7,000. Wakati huo kumwachia mfanyakazi ajumlishe mwenyewe kulikuwa na maana, kwa sababu fomu zilikuwa karatasi. Ile ilikuwa suluhisho la muda. Wasomaji wa hapa mnajua suluhisho la muda hudumu kiasi gani lisipokuwa na mwenyewe.

Kwetu Kenya, tangu mwisho wa Desemba 2024, makato ya pensheni yanayoondolewa ushuru yana kikomo cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Awali yalikuwa 20,000. Ukizidisha, ile ziada haipunguziwi ushuru. Basi. Hakuna fomu ya kuomba kurudishiwa wala tarehe ya kukimbizana nayo. Sisemi mfumo wetu ni wa kujivunia, lakini hapa kosa la kuweka akiba nyingi linaishia hapohapo.

Kama una ndugu kule aliyebadilisha kazi, mpe haya:

1. Ajumlishe kisanduku cha 12 cha W-2 zote mara tu zinapofika. Asingoje Aprili.
2. Akikuta ziada, auandikie mpango mmoja Februari, aseme kiasi na mwaka.
3. Aongeze ziada hiyo kwenye mapato ya mwaka aliouweka, hata kama 1099-R haijafika.
4. Asichanganye na IRA. Huko ziada hutozwa asilimia 6 kila mwaka inapobaki ndani, kwa Fomu 5329. Dola 7,000 zikikaa miaka mitano ni dola 2,100. Ila aliyewasilisha ritani kwa wakati ana hadi Oktoba 15 kujirekebisha.

Na wewe unayeandika programu za mishahara au za ritani, popote ulipo: kanuni ikiwa ya mtu, ikague pale mtu anapoonekana mzima. Usimwachie mtumiaji hesabu ambayo mashine yako tayari inayo, kisha umtoze kwa kukosea. Wanaopinga, uwanja wa maoni ni wenu hapo chini. Mje na hoja, si "ungesoma maagizo".