Masomo ya mtandaoni yapimwe kwa simu ya Beni

Machi 2020, serikali ya Kongo ilipofunga shule zote sababu ya COVID-19, Radio Okapi ilipeperusha masomo hewani. Mtoto wa Beni mwenye redio aliyasikiliza bila kununua mega hata moja.

Jukwaa la intaneti linadai zaidi: simu nzuri, umeme, mega, tena Kifaransa. Mwanafunzi wa Butembo anayeongea Kinande na Kiswahili nyumbani anakuta kurasa za Kifaransa zenye herufi ndogo na video nzito inayokwama katikati. Akishindwa, anaambiwa hajui teknolojia. Kosa si lake.

Kabla ya kuzindua jukwaa kwa hotuba Kinshasa, watengenezaji wamkalishe mwanafunzi mmoja tu mbele ya simu ya bei ndogo, wamtazame bila kumsaidia. Anaingia baada ya dakika ngapi? Zoezi la hesabu analiona? Mtandao ukikatika, jibu lake linabaki ama linapotea?

Hili la mwisho ndilo zito, hasa kwa familia zilizokimbilia Beni na Butembo kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, pale ambapo simu ni moja kwa nyumba nzima. Somo la maandishi, linalopakuliwa mara moja na kusomwa bila mtandao, lingewafaa kuliko video.