Daftari la ushirika si uwanja wa mazoezi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa tumbaku wa Mpanda anaujua ukweli huo. Kilo alizopeleka ghalani, madaraja aliyopangiwa, mkopo wa mbolea uliokatwa na fedha anazodai, vyote vinategemea kumbukumbu za chama chake cha msingi. Zikikosewa, jasho la msimu mzima linapotea.

Siku hizi daftari hilo linahamia kwenye kompyuta. Serikali ilipotoa mbolea ya ruzuku msimu wa 2022/2023, mkulima alilazimika kwanza kuandikishwa kwenye kanzidata. Vyama vya ushirika navyo vimeletewa mfumo wao, MUVU. Mifumo hiyo ya kitaifa ina wataalamu wake. Je, kumbukumbu ambazo chama au duka la pembejeo linajiwekea lenyewe zinatunzwa na nani? Kama ni kijana anayejifunza kazi kwa kubahatisha juu ya hesabu halisi za wakulima, hiyo ni hatari.

Ipo njia nafuu. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha kompyuta kwa njia ya intaneti, huduma ambayo sehemu kubwa ya ubunifu wake ilifanyika Cape Town, Afrika Kusini. Leo zipo kampuni kadhaa. Unapewa kompyuta pepe, yaani sehemu ya mashine kubwa iliyoko mbali, na unalipia muda ulioitumia. Ukiiharibu, unaifuta na kuanzisha nyingine kwa dakika chache. Programu ya kanzidata kama PostgreSQL ni ya bure, na kwa kuwa amri zake ni maandishi matupu, hazimalizi bando.

Kijana abuni wakulima 500 wasiokuwapo, awaandikie kilo, mikopo na makato. Atengeneze nakala ya akiba na kuihifadhi mahali pengine. Kisha afute orodha ya malipo kwa makusudi, airejeshe na kulinganisha jumla, isipungue hata shilingi moja. Akishindwa, hakuna mkulima aliyeumia, na atarudia hadi aweze.

Tahadhari zipo. Majina halisi ya wanachama yasitumike, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda. Zoezi likiisha kompyuta ifutwe, maana ikiachwa inawaka gharama huendelea kuhesabiwa. Aidha, kampuni nyingi hudai kadi ya benki, ambayo kijana anaweza kuwa hana.

Kwa sababu hiyo tunazishauri bodi za vyama vya msingi zitenge fungu dogo la mafunzo haya na zibebe malipo hayo. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo imo humu humu Katavi. Vyama vibishe hodi.

Nawe mkulima, kwenye mkutano mkuu ujao simama uulize: kumbukumbu zetu zikifutika leo, nani atazirejesha, na mara ya mwisho alijaribu lini?