Kasuku Hamziki Mwenziwe

Wako wasemao kwamba ngoma ya beni haikuwa ila uigaji wa Mzungu: tarumbeta zake, gwaride lake na vyeo vyake. Wako na wengine waionao kuwa chama cha siri kilichokula njama gizani. Makundi haya mawili yanapingana, lakini yote mawili yamekosa.

Tuyatazame mambo yenyewe. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza, kwani askari na wapagazi waliichukua bara. Marini na Arinoti, mahasimu wakuu, walikuwa na matawi katika miji mingi ya Tanganyika, na matawi hayo yaliandikiana barua. Kila upande ulikuwa na mfalme wake na maofisa wake. Watawala wa Kiingereza walipomwona Mwafrika akimpigia saluti Mwafrika, walishuku.

Lakini ni siri gani hiyo ipigiwayo tarumbeta njiani mchana? Kilichofichika ni kile ambacho mtawala hakujali kukiuliza. Mwanachama aliyefika mji mgeni alipokewa na wenzake, aliyefiwa alisaidiwa, aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima. Kasuku huiga sauti, lakini hamziki mwenziwe.

Nitaulizwa: Babati na beni wapi na wapi? Ninaandika katika mji ambao soko lake huwakutanisha Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe, Warangi na Wadatoga. Lugha zao ni za asili tatu, Kikushi, Kibantu na Kiniloti, na Kiswahili ndicho kiwapatanishacho. Mji wa namna hii hauwezi kuishi kwa ukoo peke yake. Swali lake ni lile lile lililojibiwa na beni zamani, kwa Kiswahili: watu wasio wa ukoo mmoja watafaana na kuzikana vipi?

Mwaka 1975 Terence Ranger alichapisha kitabu kizima juu ya ngoma hii, akaonyesha kuwa haikuwa mwigo mtupu. Hata hivyo dharau ya zamani ingali ikirudiwa madarasani. Yafaa basi mwanafunzi afunguapo majalada ya serikali ya kikoloni ajue anachokisoma. Maneno yale ya mashaka si ushahidi wa njama ya wachezaji. Ni ushahidi wa hofu ya mtawala. Tukiyarithi bila kuyapima, kasuku ni sisi.