Ndagala Hutoka Wapi?

Asubuhi moja tuliwapeleka watoto wetu wa shule kando ya ziwa Tanganyika, karibu na Uvira, saa ambayo mitumbwi hurudi. Tukawauliza: «Ndagala hutoka wapi?» Wakajibu wote kwa sauti moja: «Hutoka ziwani, Bwana Mwalimu!» Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, ni kama kusema kwamba unga hutoka guniani. Ndipo mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, akauliza kwa sauti ndogo: «Mbona siku hizi baba hurudi na kikapu nusu?»

Leo twataka kumjibu mtoto huyo, maana katika swali lake mna mafundisho makubwa ya elimu ya mazingira.

La kwanza: kila kiumbe hula, naye huliwa. Katika maji ya juu, panapofika nuru ya jua, huelea vijimea vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Hivyo hujitengenezea chakula kwa nuru, kama majani ya muhogo yafanyavyo shambani. Vidudu vidogo hula vijimea, ndagala hula vidudu, mukeke humla ndagala, nasi twamla mukeke. Mchana ndagala hukaa chini, usiku hupanda juu. Mvuvi naye huwangojea na taa yake.

Sasa tazameni hesabu. Katika kila ngazi sehemu kubwa ya chakula huishia katika kupumua na kutembea; kwa kadiri, moja ya kumi tu ndiyo ipitayo kwenda ngazi ya juu. Basi kilo 1 ya mukeke yataka kilo 10 hivi za ndagala, kilo 100 za vidudu, na kilo 1,000 za vijimea. Vijimea vikipungua, sahani zetu hupungukiwa.

La pili: mbolea haina budi kuzunguka. Viumbe wa ziwani wafapo huzama, na mbolea yao huzama pamoja nao. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470. Duniani lapitwa na Baikal tu, ziwa la Urusi. Upande wa kaskazini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Huko mbolea hulala kama akiba katika ghala lililofungwa. Na mwenye ufunguo ni nani? Ni upepo. Tangu mwezi wa tano hata wa tisa, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda na mbolea yake.

Lakini maji yenye joto ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi wala hayachanganyiki nayo upesi. Kadiri dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo upepo unavyoshindwa kulifungua ghala. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba uzazi wa vijimea katika ziwa hili huenda umepungua kwa 20 kwa mia, na kwamba samaki wa kuvuliwa huenda wamepungua kwa 30 kwa mia hivi.

La tatu: kila akiba ina mpaka. Ndagala huzaa upesi, ndiyo sababu ziwa limetulisha miaka mingi. Lakini vifaranga vyao hukua karibu na ufuko, na huko ndiko tunakokokota vyandarua vya mbu. Mkulima alaye mbegu yake atapanda nini? Tena udongo wa mlima uliolimwa bila mitaro huteremka na mvua, huchafua maji ya kando, na nuru haifiki kwa vijimea.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Ziwa ni la nchi nne, na samaki hajui mipaka yake. Wengine watatuambia: «Njaa haingoji miezi mitatu.» Ni kweli, wala hatumcheki mjane auzaye vifaranga kwa sahani ili wanawe wale. Kufunga ziwa bila kukifikiri chungu cha mvuvi ni kumfundisha kuvua kwa kujificha.

Basi, wazazi, joto la dunia hatuwezi kulipoza peke yetu, lakini chandarua na jembe vimo mikononi mwetu. Wasomeeni watoto habari hii jioni. Kisha, katika kikao cha kijiji, ulizeni mapema: miezi ile ya kupumzisha ziwa, nyumba ya mvuvi italishwa na nani? Kijiji kitakachopata jibu la swali hili kitaweza kuwaachia watoto wake ndagala.