Mutoto amalize ya sita akijua hesabu: hatuombi zawadi, tunadai deni

Jumamosi moja tulikuwa ku barabara ya kartie, tunafanya salongo. Watoto wakatuzunguka sawa kawaida. Kati yao kulikuwa binti wa darasa la sita, beseni ya mandazi kichwani. Mwenzetu mumoja akamuuliza kwa mchezo: «Nikikamata mandazi makumi mbili na tano, moja franka mia, nikupe elfu tano, unanirudishia ngapi?» Hakufikiri hata kidogo: «Elfu mbili na mia tano, kaka.» Tukaendelea. Unga, mafuta, sukari na makala vilikula ngapi leo asubuhi? Elfu mbili na mia tisa. Na ukiuza mandazi yote makumi ine? Elfu ine. Basi faida? «Elfu moja na mia moja. Lakini mbili nimekula njiani, basi mia tisa.»

Tulicheka wote. Kisha mwenzetu akatoa kalamu, akaandika mambo yale yale kwa Kifaransa, namna yanaandikwaka ku masomo: muuzaji ametumia 2.900, ameuza kwa 4.000, tafuta faida yake. Binti akaangalia karatasi kwa muda mrefu. Mwishowe akajumlisha: 6.900. Akaturudishia karatasi bila kutuangalia usoni, akabeba beseni yake.

Hatujamaliza kufikiria juu ya ile 6.900.

Juu yule binti si mujinga, na mwalimu wake pengine si mubaya. Ile hesabu anayo kichwani, anaifanya kila siku mbele ya watu wazima wanaotaka kumudanganya. Ila miaka sita ya masomo haijamufikisha pahali pa kuona kama kile anachokifanya sokoni na kile kilichoandikwa ku tablo ni kitu kimoja. Miezi michache tena atakaa ku mutihani wa taifa wa mwisho wa primeri, ule wengi wetu tunaita bado TENAFEP. Akikosa, watasema hana akili. Akipita kwa bahati, watampa karatasi, na shida itamungojea mbele.

Watu wanatuuliza: nyinyi vijana wa maandamano, hesabu ya primeri inawahusu nini? Inatuhusu sana. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima, na ni ya bure ku mashule ya serkali. Tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, serkali inasema inatimiza ile neno. Sisi tulishangilia, na hatujutii. Mamilioni ya watoto waliingia darasani. Lakini kuingia darasani ni jambo moja, kutoka na kitu kichwani ni jambo lingine. Benki ya Dunia yenyewe inasema kama kwetu Congo, karibu watoto 97 kwa 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma andiko fupi na kulielewa. Mutoto ambaye haelewi mistari mitatu, utamupa problemu gani ya hesabu aielewe?

Basi tuseme wazi kitu gani tunadai mutoto awe nacho akitoka ya sita. Tumezungumza na walimu, na wazazi, na wauzaji wa sokoni pia, juu wale ni walimu wa hesabu bila diploma.

Kwanza namba zenyewe. Asome na kuandika namba kubwa na kujua kila tarakimu inakaa wapi na sababu gani. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa ajili ya masomo ya primeri ya inchi yetu. Tuliwaomba watu waiandike kwa tarakimu, na tunakiri kama hata kati yetu wanamemba kuna waliokosea. Sufuri ni nane. Raia ambaye hawezi kuandika kiasi cha pesa waliyoomba kwa jina la watoto wake, atauliza namna gani zilipokwenda?

Kisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kwa karatasi na kwa kichwa, mpaka 10 mara 10 itoke bila kuhesabu vidole. Hapo wengi wanakubaliana na sisi. Pale wanapoanza kulala ni ku visehemu: nusu, robo, sehemu moja ya tatu, na namba zenye koma. Wanasema ni vigumu, vitangoja sekondari. Hapana! Mama anakutuma kununua kopo tatu na nusu za maharagi, kopo moja ni 2.500. Ni 8.750. Ukitoa 10.000, unarudishiwa 1.250. Kama huwezi nusu, unaibiwa kila siku kidogo kidogo, na hutajua.

Na asilimia. Hapa tukae kidogo, juu tumeona wakubwa wanalia. Mutaani wanakukopesha dola 100, na mwisho wa mwezi unarudisha 130. Watu wanasikia «makumi tatu tu» na wanaona ni kitu kidogo. Ukikosa kulipa, mwezi wa pili ile 30 kwa 100 inakamata juu ya 130, siyo tena juu ya 100: deni inakuwa 169. Mwezi wa tatu inapita 219. Miezi mitatu tu, na deni imezidi mara mbili ya kile ulichokamata. Ni kuzidisha tu, hakuna uchawi ndani. Mutoto wa miaka 12 anaweza kuipiga ku daftari, na kama angeipiga mbele ya mama yake kabla hajatia sinyatire, kuna nyumba ambayo ingebaki na mashine yake ya kushona.

Regla ya tatu njo dada yake. Dola moja ikiwa 2.800, dola 25 ni franka ngapi? Ni 70.000, na kambisti akikuhesabia 67.500, uone mara moja kama amekukatia kwa 2.700. Tena vipimo: metre na kilometre, kilo, litre, saa, eneo la kiwanja. Mutu akikuuzia kiwanja cha metre 15 kwa 20 na unakuta ni 15 kwa 18, umepoteza metre kare 30. Migawanyiko ya viwanja kwetu inamwaga damu, hakuna mutu asiyejua. Na asome tablo ya namba kwenye karatasi ya bajeti ya komini, hata ndogo.

Ni hivyo tu. Hatuombi kila mutoto awe injiniere.

Sasa, juu ya lugha. Sheria ya masomo ya 11 Februari 2014 inapatia lugha za taifa nafasi ya kufundishia. Lakini madarasa mengi, hata ya chini, hesabu inapita kwa Kifaransa cha kukariri. Sikilizeni Kiswahili chetu cha Congo: makumi saba na tano. Saba za makumi, na tano. Namba imejieleza yenyewe, mutoto anasikia kila tarakimu inakaa wapi. Sasa umufundishe 80 kwa Kifaransa, «quatre-vingts», ine za makumi mbili: ni kuzidisha kabla hajajua kuzidisha! (Wabelgiji walituachia «septante» na «nonante», kwa hiyo tu tuwashukuru.) Hatusemi Kifaransa kitoke. Tunasema wazo liingie kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha Kifaransa kije kulivalisha.

Na mutu asituambie hesabu ni kitu cha wageni. Ku Ishango, pale maji ya ziwa Edouard yanaingia Semliki, humu humu Kivu ya Kaskazini, mwaka 1950 Jean de Heinzelin alichimbua mufupa wenye alama zilizochongwa kwa makundi, 11, 13, 17, 19 na mengine. Una miaka karibu 20.000. Wataalamu wanabishana bado zile alama zilikuwa za kuhesabu nini. Mufupa wenyewe uko Bruxelles. Watoto wetu wa ya sita, wengi hawajausikia hata kwa jina.

Tunajua jibu ambalo tutapewa: mwalimu afanye nini na watoto zaidi ya mia ndani ya chumba kimoja, wengine wamekaa ku mawe? Ni kweli. Ni kweli pia kama kuna walimu wanafundisha miaka bila mushahara, wale wanaoitwa NP, na wazazi wanaombwa tena makuta chini ya jina lingine, ile ya bure ikiwa kwenye karatasi tu. Mwalimu mwenye njaa ataandika zoezi ku tablo, ataomba watoto wanakili, basi. Njo maana hatutamutupia yeye jiwe. Jiwe tunalipeleka kwa wale wanaopanga bajeti, na kwa wale wanaofanya vita mpaka darasa linageuka pahali pa kulala wakimbizi. Mutoto aliyekimbia mara tatu amekosa kugawanya, na hakuna mutu atarudi kumufundisha.

Tunadai: kila mwalimu wa primeri aingizwe ku listi na alipwe, kila mutoto apate kitabu cha hesabu mkononi, si kimoja kwa benchi tano, wakaguzi wapime kile watoto wanajua mwisho wa darasa la tatu na la ine, kusudi tusingoje ya sita kugundua kama nyumba haina musingi, matokeo yabandikwe ku mulango wa shule, wazazi wayasome. Barua iko tayari kwa wakubwa wa masomo wa provensi. Tutawapa siku 30. Tutakuja kuuliza jibu, kwa amani, na tutakuja wengi.

Wakati tunangoja, kila Jumamosi kisha salongo, saa ine mpaka saa sita, tutabaki na watoto wa kartie. Wewe uliyemaliza humanites na unashinda ku simu, kuja. Hatuna ubao, tumepata mulango wa zamani tumeupaka rangi nyeusi. Leta chokaa, leta vifuniko vya chupa vya kuhesabia, leta kopo tupu na metre ya fundi. Yule binti wa mandazi tumemwalika. Amesema atakuja kama tutanunua zote.